Spini ya protoni inapimwaje, na kwa nini hesabu iligoma mwaka 1988

Wadau, leo tunaingia fizikia. Usifunge ukurasa, hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kugawanya tu.

Protoni unaijua: ile chembe yenye chaji chanya iliyo kwenye kiini cha kila atomu. Ina uzito, ina chaji, na ina kitu cha tatu ambacho shuleni huwa kinapitwa kama kituo kisicho na abiria. Kitu hicho kinaitwa spini.

Fikiria pia, ile ya kuchezea watoto. Ukiizungusha inasimama wima kwa sababu ya mzunguko wake. Protoni nayo inafanya mambo kama kitu kinachozunguka, na inakuwa kama kijisumaku kidogo. Lakini usiichukulie kuwa ni kijimpira kinachozunguka kweli. Pia huchoka ikaanguka, protoni haichoki kamwe. Halafu pia unaweza kuizungusha polepole au kwa kasi, wakati spini ya protoni ni ile ile siku zote: nusu ya kipimo cha msingi kinachotokana na namba ya Planck. Ukiipima kuelekea upande wowote unapata majibu mawili tu, juu au chini. Hakuna katikati.

Na si mambo ya kwenye vitabu tu. Ile mashine ya MRI ya hospitali inatumia spini hizi hizi, za protoni za hidrojeni zilizo kwenye maji ya mwili wako. Sumaku ya tesla 1.5 inazifanya ziyumbe karibu mara milioni 64 kwa sekunde, yaani megahezi 64, chini kidogo tu ya masafa ya redio za FM. Mashine inazigonga kwa mawimbi ya redio na kusikiliza zinavyojibu. Kwa hiyo spini tunaitumia kila siku. Kinachoumiza vichwa ni swali lingine: inatoka wapi?

Mwaka 1933 Otto Stern na wenzake kule Hamburg walipima nguvu ya usumaku wa protoni, wakakuta ni kati ya mara 2 na 3 ya ile iliyotegemewa kama protoni ingekuwa chembe tupu isiyo na kitu ndani. Ile ilikuwa dalili ya kwanza kwamba ndani kuna mambo. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, wakatoa wazo la kwaki. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960 maabara ya SLAC ya California ikarusha elektroni ndani ya protoni na kweli zikagonga vitu vidogo humo. Kazi hiyo iliwapa Friedman, Kendall na Taylor tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Picha ikawa nzuri sana. Protoni ni kwaki tatu, mbili za juu na moja ya chini. Kila kwaki ina spini ya nusu. Mbili zinaelekea huku, moja kule, zinafutana, inabaki nusu. Kazi imekwisha! Hata walioifanya hesabu kwa uangalifu zaidi, wakizingatia kwamba kwaki zinakwenda kasi mno, walitegemea kwaki zibebe asilimia 60 hivi ya spini ya protoni.

Sasa inapimwaje? Hapa ndipo utamu ulipo, twende taratibu.

Unahitaji chembe za kurusha ambazo spini zao umezipanga upande mmoja. CERN, pale Geneva, walitumia muoni, ambazo ni kama elektroni ila nzito mara 200 hivi. Muoni zinapozaliwa kutokana na chembe nyingine iitwayo pioni, zinatoka zikiwa tayari zimeelekea upande mmoja. Maumbile yamekufanyia kazi bure.

Kisha unahitaji protoni zilizopangwa. Hapo hakuna cha bure. Wanachukua amonia iliyoganda, wanaipoza hadi chini ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi (sifuri halisi ni kama −273 za Selsiasi), wanaiweka ndani ya sumaku kali na kuipiga kwa maikrowevu, ndugu wa yale ya kupashia chakula ila ya masafa ya juu zaidi. Spini za protoni za hidrojeni zinageuka moja baada ya nyingine.

Ukirusha, muoni inaipiga protoni kwa kurusha fotoni. Fotoni ina spini 1. Ikikutana na kwaki iliyoelekea kinyume, hesabu ni 1 toa nusu, inabaki nusu, na kwaki inaweza kubeba nusu. Ikikutana na kwaki iliyoelekea upande ule ule, inakuwa 1 na nusu, na kwaki haina uwezo wa kubeba hiyo, kwa hiyo inakataa. Umeona ujanja? Fotoni inachagua kwaki kwa mwelekeo wake. Unahesabu migongano ikiwa spini za muoni na protoni zimepingana, unahesabu tena zikiwa zimefuatana, unatoa, unagawanya kwa jumla. Tofauti hiyo inakuambia kwaki nyingi zimeelekea wapi.

Tatizo ni kwamba tofauti inafika kwako ikiwa imekonda. Molekuli moja ya amonia ina chembe 17 kwenye viini vyake, protoni 10 na nyutroni 7, lakini ni zile 3 za hidrojeni tu unazozitaka. Tuseme muoni zimepangika kwa asilimia 80 na protoni nazo 80. Zidisha 0.8 kwa 0.8 kwa 3/17, unapata kama 0.11. Yaani tofauti ya kweli ya 10 katika 100 wewe unaiona kama 1 katika 100. Na ukihesabu migongano 10,000, bahati peke yake inaweza kukutikisa kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana wanahesabu mamilioni. Na ndiyo maana EMC, kundi lililofanya kazi hiyo CERN, waligawa amonia vipande viwili vilivyopangwa kinyume, muoni zipite vyote kwa mkupuo mmoja. Mtambo ukilegea mchana, unalegea kwa vyote viwili, kwa hiyo hakuna upande unaopendelewa.

Matokeo yakatoka 1988: kwaki zinabeba asilimia 12 tu. Kosa la takwimu lilikuwa 9 na la vifaa 14, maana yake hata sifuri haikuwa imeondolewa! Ni kama mchango wa harusi: wanakamati watatu mlitegemea walete 60 katika kila 100, kufungua bahasha mnakuta 12. Bibi harusi anaolewa vile vile, ukumbi umelipwa. Nani kalipa? Wenyewe wakaiita mgogoro wa spini.

SLAC walikuwa wamepima kabla, kundi la Vernon Hughes wa Yale, na namba za EMC hazikupingana nazo. Tofauti ni kwamba EMC walifika kwenye kwaki zinazobeba sehemu ndogo sana ya mwendo wa protoni, hadi moja ya mia, na huko ndiko mchango ulikopungua kuliko ilivyotegemewa. Ukiangalia kwaki kubwa kubwa peke yake huoni kasoro yoyote.

Watu wakarudi kupima. CERN wakaja na SMC, kisha COMPASS kuanzia 2002. Ujerumani, maabara ya DESY ya Hamburg ikaweka HERMES kuanzia 1995 hadi 2007, wao wakitumia gesi, ambayo haina uchafu wa naitrojeni. Marekani kukawa na SLAC tena na Jefferson Lab ya Virginia. Namba ikatulia kwenye asilimia 30 hivi. Si 12, lakini si 60.

Basi wakageukia gluoni, ile gundi inayoshika kwaki pamoja. Gluoni haina chaji, muoni haiioni moja kwa moja. Dawa yake ni kugonganisha protoni kwa protoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya RHIC, maabara ya Brookhaven, New York, kwenye duara la kilomita 3.8. Protoni yenye nishati ya GeV 100 inazunguka duara hilo kama mara 78,000 kwa sekunde, na katika kila mzunguko spini yake inageuka mara 191. Sumaku moja ikikosea kidogo, kosa linajirudia hadi mpangilio wote unavurugika. Walichofanya ni kuweka sumaku zilizosokotwa zinazoipindua spini kila duru, ili kosa la duru hii lifutwe na duru ijayo. Zinaitwa nyoka wa Siberia, kwa sababu wazo lilitoka kwa Derbenev na Kondratenko wa Novosibirsk. Jina kali kuliko la bendi!

Uchambuzi wa 2014 wa data za RHIC ulionyesha gluoni zimeelekea upande wa protoni, na zile zinazobeba zaidi ya asilimia 5 ya mwendo zinachangia kama 0.2 ya ile 0.5 yote. Si haba. Mwaka 2019 kundi la STAR, pale pale, likaonyesha kuwa hata antikwaki zinazotokea na kupotea humo ndani zina mpangilio: anti za juu zinachangia zaidi kuliko anti za chini, ingawa kwa idadi anti za chini ndizo nyingi. Hilo binafsi ndilo linanishangaza kuliko yote.

Kilichobaki ni kule kuzunguka kwaki na gluoni zenyewe ndani ya protoni, kama abiria wanaotembeatembea ndani ya basi linalokwenda. Xiangdong Ji alionyesha miaka ya 1990 njia ya kukipima, na Jefferson Lab wamo kazini. Gluoni ndogo kabisa bado zimejificha, na bila hizo hesabu haifungi. Kwa ajili hiyo Brookhaven ilichaguliwa Januari 2020 kujengewa mashine ya kugonganisha elektroni na protoni, zote zikiwa zimepangwa spini. Inaitwa EIC, inatumia duara lile lile la RHIC, na inategemewa kuanza kazi miaka ya 2030.