Mrija wa Eksirei wa Mashine ya CT-Scan

Mrija huu usio na hewa ndani ndio chanzo cha mionzi ya CT-Scan, mashine iliyompima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Waya wa tungsteni unapopashwa moto hutoa elektroni, yaani chembe zenye chaji hasi, ambazo umeme wa takribani volti 120,000 huzivurumisha hadi kwenye anodi, sahani inayozunguka mara maelfu kwa dakika ili isiyeyuke, kwa kuwa asilimia 1 tu ya nishati hugeuka eksirei na iliyobaki yote huwa joto kali. Kwa wakazi wa Levolosi, jijini Arusha, ulinzi dhidi ya mionzi hiyo uko karibu: Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, inayosimamia usalama wa mionzi kwa Sheria Na. 7 ya 2003, ina maabara Njiro, jijini humo.