Jiwe jeusi, zito, linavutwa na sumaku: Je, ni kimondo? Hivi ndivyo wataalamu wanavyolipanga

Kuanzia Nyahanga, Kahama, mpaka Geita, mchimbaji akiokota jiwe jeusi na zito, neno la kwanza ni "kimondo", la pili ni bei. Hapo ndipo watu wengi hupigwa.

Sumaku peke yake haitoshi. Dhahabu ya Geita kwa sehemu kubwa imo kwenye miamba ya chuma yenye mistari, na miamba hiyo ina magnetaiti inayovutwa na sumaku. Mabaki ya chuma kilichoyeyushwa nayo hudanganya, ila mara nyingi yana vitundu vya hewa, ambavyo kimondo huwa hakina.

Si vyote ni kama cha Mbozi

Wengi wanakijua Kimondo cha Mbozi, ambacho ni chuma. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya vimondo vinavyoonekana vikianguka ni vya mawe. Kanda ya Ziwa nayo imo: mwaka 1930 kimoja kilianguka Malampaka, Maswa, kikawekwa kundi H.

Hatua ya kwanza: sura ya ndani

Jiwe hukatwa kipande chembamba kinachopitisha mwanga, kisha hutazamwa kwa hadubini. Vikionekana vijiduara vidogo vinavyoitwa kondruli, hilo ni kondraiti. Yale yaliyoyeyuka yakapoteza vijiduara huitwa akondraiti.

Kondraiti hupewa namba. Namba 3 vijiduara viko wazi kabisa. Kuelekea 6, joto limevifuta taratibu. Namba 2 na 1 ni mawe yaliyobadilishwa na maji.

Hatua ya pili: kemia ya madini

Mashine hupiga miale ya elektroni kwenye madini ya olivini ili kupima chuma kilichomo. Kipimo kikiwa kama 16 hadi 20 kwa mia, ni kundi H. Kikiwa kama 22 hadi 26, ni L. Kikizidi hapo, mpaka 32 hivi, ni LL.

Ajabu ni kwamba H maana yake ni chuma kingi, ilhali olivini yake ina chuma kidogo. Sababu ni kwamba chuma chake kingi kimebaki kama metali tupu, hakikuingia kwenye olivini.

Namba na herufi zikikutana, jiwe limepata jina. Kimondo cha Thika, Kenya (2011) ni L6. Cha Mbale, Uganda (1992) ni L5/6.

Ivuna, jina linalojulikana duniani

Desemba 16, 1938, kimondo cha gramu 705 kilianguka Ivuna, sasa mkoani Songwe. Hakina kondruli za kuonekana, kwa sababu maji yaliyageuza madini yake. Lakini kemia yake inakaribia sana ile ya Jua, ukiondoa gesi. Kundi lake likaitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Udongo ulioletwa na Japani kutoka sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020 ulikutwa ukifanana na kundi hilo.

Ukiokota jiwe, fanya hivi

• Lisugue nyuma ya kigae, upande usio na rangi. Likiacha alama nyekundu au nyeusi, huenda ni madini ya chuma ya kawaida.

• Angalia ganda jembamba jeusi kwa nje, na vichembe vya metali palipovunjika.

• Usilioshe wala kulichoma. Piga picha, andika mahali ulipoliokota, lifunge pakavu.

• Lipeleke kwa wajiolojia, mfano Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma.

Ili kimondo kitambulike rasmi duniani, sampuli ya gramu 20, au asilimia 20 kama jiwe ni dogo, hubaki kwenye taasisi inayotambulika. Hakuna anayeweza kusema "hii ni L6" kwa kuliangalia tu mkononi. Kabla ya kuuza au kununua, dai vipimo.