Uavyaji mimba: Madhara yake mwilini na dalili za hatari

WATU wengi huzungumzia uavyaji mimba kana kwamba ni jambo la aina moja. Kwa daktari, tofauti ni kubwa. Mimba inayotolewa mapema na mhudumu aliyehitimu, kwa njia inayofaa, ni nadra kuleta madhara makubwa. Ile inayotolewa kichochoroni huua.

Utafiti wa Wizara ya Afya na washirika wake ulikadiria kuwa mimba takriban 465,000 ziliavywa nchini Kenya mwaka wa 2012. Mwaka huo huo, wanawake wapatao 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kutokana na matatizo yaliyofuata.

Vichochoroni hutumiwa vyuma, vijiti na hata sindano za kufuma. Kifaa chenye ncha kikipenya mlango wa uzazi, anayekishika haoni kinakoelekea. Ukuta wa mji wa mimba huwa laini wakati huo na hutoboka upesi, na karibu nao kuna utumbo na kibofu. Utumbo ukitoboka, uchafu humwagika tumboni na mgonjwa haponi bila upasuaji wa haraka. Kifaa kichafu chaweza pia kuleta pepopunda.

Wengine hunywa sabuni, mizizi au dawa za malaria kupita kiasi. Mara nyingi mimba husalia palepale, huku ini au figo zikidhurika.

Kinachoua upesi zaidi ni damu. Mabaki ya mimba yakisalia ndani, mji wa mimba hushindwa kujikaza na mishipa iliyolisha kondo la nyuma hubaki wazi. Mwanamke anayelowesha sodo mbili kubwa kwa saa moja, kwa muda wa saa mbili mfululizo, anapaswa kufikishwa hospitalini bila kungoja kupambazuke.

Mabaki hayo pia huwa makao ya viini. Dalili ni homa, kutetemeka, maumivu makali ya tumbo na uchafu wenye harufu mbaya ukeni. Viini vikienea katika damu, shinikizo la damu hushuka na figo huanza kushindwa.

Hayo ndiyo yaliyompata msichana mmoja ambaye kisa chake kilifikishwa katika Mahakama Kuu jijini Nairobi. Alipata mimba akiwa na umri wa miaka 14, ikatolewa kwa njia hatari mwishoni mwa 2014. Alihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine huku hali ikizorota. Figo zake ziliharibika, akafariki mwaka wa 2018. Mnamo Juni 2019, majaji watano waliamua kwamba wizara ilikiuka haki za wanawake ilipoondoa mwongozo wa huduma hizo, na wakaagiza mamake alipwe fidia ya Sh3 milioni.

Anayenusurika huenda akabaki na makovu katika mji wa mimba au mirija ya uzazi iliyoziba. Matokeo yake ni utasa, maumivu ya nyonga yasiyokwisha, au mimba kutunga nje ya mji wa mimba.

Yapo pia madai yasiyo na msingi. Wasichana hutishwa kwa saratani ya matiti, ilhali uchambuzi wa tafiti 53 kutoka mataifa 16, uliochapishwa mwaka wa 2004, haukupata uhusiano wowote. Ajabu ni kwamba wanaotoa vitisho hivyo hawataji pepopunda.

Kwa njia salama, yaani vidonge vilivyoidhinishwa au kunyonya kwa mrija, mwanamke hutarajia maumivu kama ya hedhi, kichefuchefu, na damu kwa wiki moja au mbili. Hatari huongezeka kadiri mimba inavyokua.

Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 kinaharamisha uavyaji, isipokuwa mtaalamu wa afya anapoona kuwa matibabu ya dharura yanahitajika, maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaporuhusu. Kifungu cha 43(2) nacho kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Anayevuja damu ana haki ya kutibiwa, hata mimba iwe ilitoka vipi.

Baada ya matibabu, uwezo wa kushika mimba waweza kurejea kabla ya wiki mbili kwisha. Kwa hivyo mhudumu hupaswa kumweleza mgonjwa kuhusu upangaji uzazi kabla hajaondoka.