Maendeleo ya Wanawake: Historia ya Jina na ya Kazi za Vijijini

Makusudi ya makala haya ni kulichungua jina moja ambalo limezoeleka mno hata hakuna aulizaye maana yake. Jina lenyewe ni Maendeleo ya Wanawake, walilopewa wanawake wa vijijini katika Kenya mwaka wa 1952, vilipoanzishwa vyama vyao chini ya idara ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Mwenye kutaka habari za viongozi na mikutano atazipata kwa wanahistoria. Mimi nauliza jambo dogo zaidi, nalo ni hili: neno ya katika jina hilo lafanya kazi gani?

Kila mwanafunzi wa sarufi ajua kwamba kiungo hiki chaweza kumwonyesha mtenda, na pia chaweza kumwonyesha mtendwa. Katika "kilio cha mtoto", mtoto ndiye aliaye; katika "malezi ya mtoto", mtoto ndiye alelewaye. Hapo hapana shaka. Lakini "mafunzo ya walimu" ni mafunzo wanayoyatoa au wanayopewa? Lugha yenyewe haisemi. Msikilizaji hana budi kutazama mambo yalivyo. "Maendeleo ya Wanawake" ni jina la namna hiyo. Laweza kuwa mwendo wanaokwenda wanawake wenyewe, na laweza kuwa jambo ambalo wengine wanawafanyia. Nionavyo mimi, historia ya vyama hivyo kwa miaka arobaini ya kwanza ni mashindano kati ya maana hizi mbili.

Yafaa pia tulitazame neno maendeleo. Asili yake ni kitenzi -enda, na katika -endelea tunapata maana ya kwenda bila ya kukoma. Katika kitenzi hicho hamna lazima ya kwenda penye heri: mvua huendelea, ugonjwa huendelea, na ugomvi wa majirani huendelea vizuri sana. Maana ya kupanda daraja imetiliwa nguvu na matumizi ya maofisa, walimu na magazeti. Zaidi ya hayo, -endelea hakihitaji yambwa. Anayeendelea huendelea mwenyewe. Kama waasisi wangalitaka kusema wazi kwamba wanawake wataendelezwa, wangaliweza kusema "Uendelezaji wa Wanawake", ingawa ni jina zito mdomoni. Hawakulichagua, na pengine hawakulifikiria.

Lakini ratiba yao ilisema hivyo kwa vitendo. Waanzilishi walikuwa Wazungu, wengi wao wake wa maofisa na wa walowezi, na mafunzo ya viongozi yalitolewa hasa katika Jeanes School, Kabete. Klabu zilifundisha kushona na kufuma, upishi, usafi wa nyumba, malezi ya watoto, na ufugaji wa kuku. Nyimbo, michezo na mashindano vilitiwa ili kuwakusanya watu. Hatuna haki ya kuyadharau hayo. Mama aliyejifunza kumhudumia mtoto mwenye kuhara hakujali somo lilitungwa na nani. Ila jambo moja lilikuwa zito kuliko ushonaji: hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na katika nchi ya Wakikuyu serikali ilizitumia klabu kuwatenga wanawake na Mau Mau. Palipo na hofu ya namna hiyo, kujiunga na klabu si dalili ya kupenda kufuma.

Aliyeitunga ratiba hakuwa amehesabu saa za mwanamke wa kijijini. Angaliweza kuzihesabu, maana jibu lilikwisha kutolewa. Mwaka wa 1948 wanawake wengi wa Murang'a walikwenda bomani wakiimba na kucheza, wakaeleza kwamba hawatashiriki katika kazi ya lazima ya kuhifadhi udongo, kwa kuwa kazi walizo nazo nyumbani zawatosha. Jibu hilo lilichukuliwa kuwa ni ukaidi. Mimi nalisoma kama hesabu: kulima, kupalilia, kuchota maji, kutafuta kuni, kupika, kulea, na juu ya yote, matuta ya serikali.

Tukilinganisha na Ukambani twaona njia nyingine. Huko nako kazi ya kulazimishwa ilichukiwa, na watu walikuwa hawajasahau jinsi ng'ombe wao walivyonyang'anywa mwaka wa 1938 kwa hoja hiyo hiyo ya udongo. Katika miaka ya 1950 maofisa wa maendeleo ya jamii waliutumia mwethya, desturi ya Wakamba ambayo kwayo mtu huwaita majirani wamsaidie kazi, naye huwapa chakula. Vikundi vilichagua viongozi wao, na shamba la kila mmoja lilifikiwa kwa zamu. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume wengi walikuwa mijini, jeshini, au katika mashamba ya walowezi. Wakachimba matuta mengi sana, kwa jembe na sepetu.

Tuta moja la Ukambani lastahili kutajwa na mwanaisimu. Mchimbaji huchimba mfereji kukata mteremko, akautupa udongo upande wa juu, na mvua baada ya mvua shamba hujisawazisha lenyewe kama ngazi. Jina lake ni fanya juu, nalo limeingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo wa nchi nyingi bila ya kutafsiriwa. Kwa Kiswahili cha pwani tungetazamia "tupa juu". Nahisi kwamba hiki ni Kiswahili cha msimamizi, na kwamba amri yake imegandama katika jina, hata baada ya kazi kuwa mali ya wachimbaji.

Kiswahili nacho kina neno lake la kale, ujima, yaani kazi ya majirani wanaosaidiana. Ajabu ni kwamba klabu hazikulitumia neno hilo, zilijiita klabu. Majirani wetu wa Tanganyika walipounda chama chao mwaka wa 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti, walikiita Umoja wa Wanawake. Katika jina hilo kiungo hakina utata: wanaoungana ni wanawake.

Katika Kenya, Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama, mwaka wa 1958. Hata hivyo mkono wa wakubwa haukuondoka kabisa. Mwaka wa 1987 chama kiliunganishwa na KANU, na hakikutengana nacho mpaka 1991.

Lakini badiliko kubwa zaidi halikutoka ofisini. Katika miaka ya 1960 wanawake wa nchi ya Wakikuyu, waliokuwa na ngwatio yao ya kulimiana mashamba kwa zamu, waliigeuza zamu ya jembe kuwa zamu ya fedha. Walikodiwa kwa kundi kulima na kuvuna mashamba ya wengine, wakachanga, wakamwezekea mmoja wao nyumba kwa mabati, kisha mwingine, mpaka wote wakapata. Mgeni angedhani ni tamaa ya kuonekana. Lakini nyasi za kuezekea zilikuwa zimeadimika, tena paa la bati lenye mfereji hukinga maji ya mvua, na kila pipa lililojaa mlangoni ni safari ya mtoni iliyopunguzwa. Hapa saa za mwanamke zilihesabiwa, na aliyezihesabu ni yeye mwenyewe. Nyumba zilipokwisha kuezekwa, vikundi vingine viliendelea na matangi, ng'ombe wa maziwa, hata viwanja.

Watu waliviita vikundi hivyo mabati. Jina la kitu likawa jina la wanunuzi wake, na sarufi ya Kiswahili inalo la kusema hapo. Lori likileta bidhaa, twasema "mabati yamefika". Wanawake wakiingia uani na majembe begani, hatuna budi kusema "mabati wamefika".