Mkono wa Mchoraji

Ndugu wanafunzi wa Tarime na Serengeti, leo twazungumza habari za picha. Ninyi mnamjua chui na nyumbu. Je, picha ya chui asiyefanana sawasawa na chui wa porini ni picha mbaya?

Huko Marekani, mwaka 1968, Chuck Close alimaliza picha ya uso wake. Kwanza alijipiga picha kwa kamera, akaigawa kwa miraba, kisha akaihamisha mraba kwa mraba kwenye turubai yenye kimo cha mita 2.7 hivi. Hata unywele mmoja waonekana.

Mwaka huohuo, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora. Hakusomea uchoraji. Alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi ya baiskeli. Mnyama wake mmoja hujaza ubao mzima, na nyuma yake rangi ni moja tu. Alifariki mwaka 1972. Ndugu zake wakaendelea, na jina lake likawa jina la uchoraji huo.

Yupi alikosea? Hakuna. Close alichagua kukuza kila kitu. Tingatinga alichagua la kuacha. Kuchagua huko ndiko mtindo.

Na ninyi je? Herufi ni zilezile, lakini kila mkono una mwandiko wake. Usiuonee haya wako, mradi wasomeka.

Swali: Ungemchora nyumbu, ungeonyesha nini, na ungeacha nini? Andikeni sentensi tatu. Kwaherini.