Msimbo wa hitilafu si hukumu: Pima kwanza, kipuri baadaye

KISIWA cha Pate hakina daraja linalokiunganisha na bara. Greda, tingatinga au katapila inayotakiwa kufanya kazi Chundwa, katika Lamu Mashariki, sharti ivushwe kwa chombo cha baharini. Kipuri kinachoagizwa Mombasa nacho husafirishwa kwa barabara hadi Mokowe, kisha hupakiwa mashuani na kungojea maji yajae. Kwa sababu hiyo, taa ya onyo inapowaka kwenye dashibodi, kosa la kuagiza kipuri kisichohitajika huweza kuusimamisha mradi kwa siku kadhaa.

Kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, ni kifaa kidogo kinachopima joto, shinikizo au mwendo na kuipelekea kompyuta ya injini habari hizo kwa njia ya umeme. Vifaa hivi vilienea katika mitambo ya ujenzi kuanzia miaka ya 1990, sheria za kupunguza moshi za Marekani na Ulaya zilipowalazimu watengenezaji kuziongoza injini kwa kompyuta. Kompyuta ikipata kipimo kilichopita mipaka yake, huhifadhi msimbo wa hitilafu.

Kuusoma msimbo

Mitambo mingi hufuata kanuni ya J1939 iliyowekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari chenye makao yake Marekani. Msimbo huo una sehemu mbili. Ya kwanza, SPN, hutaja kinachopimwa: 100 ni shinikizo la oili ya injini, na 110 ni joto la maji ya kupozea injini. Ya pili, FMI, hueleza aina ya hitilafu: 0 ni kipimo kilichopanda kupita kiasi, 1 ni kilichoshuka kupita kiasi, 2 ni kinachorukaruka, 3 ni volti iliyozidi, 4 ni volti iliyopungua, na 5 ni mkondo uliopungua, ambao mara nyingi huashiria waya uliokatika. Mitambo ya Caterpillar ya miaka ya nyuma huandika CID mahali pa SPN, nayo Komatsu ina misimbo yake yenyewe. Hivyo kitabu cha mtambo husika hakiepukiki.

Tofauti ya tarakimu moja huweza kuokoa injini au kuiangamiza. SPN 100 yenye FMI 1 yaeleza kwamba kihisi kinazungumza na kwamba oili imekosa shinikizo. Injini izimwe papo hapo, kiwango cha oili kikaguliwe, na shinikizo lipimwe kwa geji ya kawaida. Dereva anayepuuza onyo hilo kwa kudhani kwamba ni sensa tu iliyokufa, huenda akaziunguza beringi za injini. SPN 100 yenye FMI 4, kwa upande mwingine, ni tatizo la umeme, na huenda oili ikawa haina kasoro yoyote.

Nani mkosaji?

Msimbo hutaja njia nzima ya umeme: kihisi, plagi, nyaya na kompyuta. Haumtaji mkosaji. Kumpata huhitaji jaribio jepesi, baada ya ndoo ya mtambo kushushwa chini na injini kuzimwa.

Kwa kihisi cha joto chenye nyaya mbili, ikiwa msimbo ni FMI 4, plagi ichomolewe na swichi iwashwe bila kuitia injini moto. Msimbo ukigeuka kuwa FMI 3, kihisi chenyewe kina shoti na kinastahili kubadilishwa. Ukibaki 4, waya umegusa chuma mahali fulani au kompyuta ina kasoro. Ikiwa msimbo wa awali ni FMI 3, pini mbili za plagi upande wa nyaya huunganishwa kwa kipande cha waya, iwapo kitabu kinaruhusu. Ukigeuka kuwa 4, nyaya ni nzima. Usipogeuka, waya umekatika au kompyuta ina kasoro.

Kihisi cha shinikizo kwa kawaida huwa na nyaya tatu, na mmoja wao huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Kwa kuwa vihisi kadhaa huweza kutumia volti hizo kwa pamoja, kimoja kikipiga shoti, misimbo mingi hutokea kwa mpigo. Fundi asikimbilie kuvibadilisha vyote. Avichomoe kimoja kimoja huku akipima. Volti 5 zikirudi, cha mwisho kuchomolewa ndicho cha kushukiwa.

Chumvi ya bahari

Kwenye visiwa kama Pate, plagi ndiyo ya kuchunguzwa mwanzo. Hewa yenye chumvi na unyevu huzitia pini za shaba kutu ya kijani inayozuia umeme. Plagi isafishwe kwa dawa yake, ikaushwe na kupakwa grisi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mtambo usioshwe kwa maji ya bahari, wala waya usitobolewe kwa sindano wakati wa kupima, maana tundu hilo ni mlango wa chumvi.

Kompyuta zikishindwa kuwasiliana, betri ikatwe na ukinzani upimwe kati ya nyaya mbili za mawasiliano. Njia iliyo salama husoma takriban omu 60, kwa kuwa ina vikinzani viwili vya omu 120. Ikisoma 120, kimojawapo hakijaunganika.

Baada ya matengenezo, msimbo ufutwe na mtambo ufanyishwe kazi hadi upate joto lake la kawaida. Msimbo usiporejea, kazi imekamilika. Ukirejea, mita itumike tena kabla ya oda kupelekwa Mombasa.