Kutoka Kitabu cha MTUHA hadi Hifadhidata ya Mbali: Taarifa za Afya Wilayani Rungwe

Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kwa jina la MTUHA, ulianza kutumika nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wilayani Rungwe, kama kwingineko, zahanati zilijaza vitabu, zikajumlisha takwimu kwa mkono na kuzipeleka makao makuu ya wilaya, Tukuyu. Mvua na barabara za milimani ziliweza kuchelewesha karatasi hizo. Lakini kitabu kilibaki kituoni, na aliyetilia shaka tarakimu alikifungua akahesabu upya.

Kufikia mwisho wa mwaka 2013 mfumo wa DHIS2, ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa nchini kwa mchango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikuwa umeenezwa nchi nzima. Tangu hapo Tukuyu inahitaji kivinjari tu. Programu na data viko mbali. Mabadiliko haya huelezwa mara nyingi kama tunda la intaneti, hasa baada ya kebo ya SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanasahau kiungo cha pili: kile kati ya programu na hifadhidata yake ya PostgreSQL.

Kiungo hicho hutegemea faili dogo la mipangilio lenye anwani ya hifadhidata, jina la mtumiaji na nywila. Hifadhidata ikiwekwa kwenye mashine yake, anwani hubadilika, na ngome ya mtandao hulazimika kuiruhusu mashine ya programu peke yake. Miunganisho inayoruhusiwa nayo ina kikomo. Ikijaa, fomu hugoma kuhifadhiwa. Mtunza takwimu wa Tukuyu huona ukurasa uliokwama, bila kujua kosa liko wapi.

Athari nzito zaidi ni ya kihistoria. Wilaya ya Rungwe sasa ina halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo. Katika DHIS2, kituo kikihamishiwa chini ya halmashauri mpya, takwimu zake za miaka iliyopita huhama nacho, na jumla ya zamani ya Rungwe hupungua kimyakimya. Taarifa ya karatasi haibadiliki hivyo. Mtafiti anayeitafuta Rungwe ya kabla ya mgawanyo hana budi kuzijumlisha halmashauri zote mbili, kisha kulinganisha na makabrasha ya Tukuyu, kama bado yapo.